Igeuze Skrini, Mama Aone

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako goti bado linamsumbua, na jioni zote tunabishana juu ya upasuaji aliotajiwa na daktari wa mifupa. Goti hilo nitalirudia mbele, maana lina uhusiano na uliyoniuliza. Mama yako analalamika hupigi simu, mpigie.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Umesema hospitali yenu imeletewa programu ya akili mnemba inayowasaidia akina mama waliowahi kujifungua kwa upasuaji waamue kama mtoto anayekuja wamsukume wenyewe au wapangiwe kisu tena, na kwamba wewe, hata mafunzo ya vitendo hujamaliza, umewekwa kwenye kikundi cha kuijaribu. Unataka kujua mkunga mstaafu angetazama nini. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili nililibeba kazini miaka yangu yote na kustaafu hakujaniondolea.

Tuanze na mama mwenyewe. Yapo mambo ya kitabibu yasiyo na mjadala: mama anavuja damu, hukai kumuuliza anapendelea nini. Lakini mama mwenye kovu moja la chini, afya njema, mimba imekaa vizuri, ana njia mbili halali, na kila moja ina madhara yake. Chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinaeleza kwamba kati ya akina mama 100 wanaopanga kujifungua kwa kawaida baada ya upasuaji, 72 hadi 75 hufanikiwa, na kwamba mfuko wa uzazi hupasuka kwa mama 1 kati ya 200. Upasuaji wa kupangwa huikwepa karibu yote hatari hiyo ya kupasuka. Deni lake hulipwa mimba zijazo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 uliwaangalia wanawake ambao kondo lao limekaa chini na kuziba njia. Kwa aliyekuwa akipasuliwa mara ya kwanza, kondo lilikuwa limejishika ndani ya ukuta wa mfuko kwa 3 kati ya 100. Kwa upasuaji wa pili ni 11. Kwa wa tatu ni 40. Wewe umeshaingia chumba cha upasuaji, unajua damu ya namna ile inavyotoka.

Sasa fikiria akina mama wawili, kadi zao za kliniki zinafanana kila mstari. Mmoja huyu ndiye mtoto wake wa mwisho. Mwingine ameolewa juzi na anataka watoto wengine watatu. Kitabibu wanaonekana sawa, lakini uamuzi ulio mbele yao si mmoja. Na yuko wa tatu, ambaye uchungu wa kwanza ulimchukua usiku kucha na mchana wake, akaishia kukimbizwa kwenye upasuaji, na hadi leo akisikia neno leba mikono inamtetemeka. Hayo hayamo kwenye kadi. Mashine itakayosoma kadi peke yake itawapa wote watatu jibu moja, na jibu hilo litakuwa na namba nzuri.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, jambo la kwanza la kutazama kwenye programu hiyo ni kama inamuuliza mama chochote. Haitoshi iulize umri, uzito na kimo. Imuulize anataka watoto wangapi, anaogopa nini zaidi, nyumbani nani atamsaidia kuchota maji wiki ile ya kwanza mshono ukiwa mbichi. Kama hayo hayamo, basi ni kikokotoo cha hatari, na kikokotoo kina faida yake, ila msikiite msaada wa kuamua pamoja.

Vikokotoo vya kazi hii si vipya. Mwaka 2007 Dkt. William Grobman na wenzake nchini Marekani walitoa kimoja kilichokuja kutumika sana. Unaingiza umri, uwiano wa uzito na kimo, kama mama aliwahi kujifungua kwa kawaida, na sababu ya upasuaji wa kwanza, nacho kinakupa asilimia ya kufanikiwa. Lakini kilikuwa na visanduku vingine viwili: je, mama ni Mmarekani mweusi? Je, ana asili ya Amerika ya Kilatini? Ukijibu ndiyo, asilimia inashuka. Wanawake wawili walio sawa kwa kila kitu, mweusi anaambiwa nafasi yake ni ndogo. Asilimia ikishuka vya kutosha, daktari anamshauri asijaribu, naye anarudi kwenye kisu, kisha kisu kingine, na hesabu ile ya kondo inamngoja mbele. Mwaka 2019 Dkt. Darshali Vyas na wenzake walikipinga kwa maandishi. Walionyesha kwamba katika takwimu zile zile, kuolewa na aina ya bima ya afya navyo vilihusiana na kufanikiwa, lakini havikuingizwa kwenye kikokotoo. Rangi ndiyo iliyoingizwa. Mwaka 2021 Grobman mwenyewe na wenzake wakatoa kikokotoo kipya kisicho na rangi wala asili. Nampa heshima kwa hilo. Hata hivyo, miaka 14 ilikwisha pita, na akina mama waliokuja kliniki katika miaka hiyo hawakurudishiwa nafasi zao.

Nataka ukitafakari kisa hiki. Kikokotoo kile kilikuwa hesabu ya wazi. Mtu yeyote angeweza kuisoma fomula, akakuta sanduku la rangi, akauliza linafanya nini pale. Akili mnemba ya sasa hujifunza kutoka kwenye maelfu ya mafaili na haikuonyeshi sanduku lolote. Inaweza kujifunza jambo lile lile kutoka kwenye jina la kijiji, au kutokana na mama kuchelewa kuanza kliniki, na wewe usijue. Ndiyo maana watu wa programu wakija, waulize imefunzwa kwa mafaili ya akina mama gani, wa hospitali zipi. Wakisema ni siri ya kampuni, andika kwenye ripoti kwamba wamesema ni siri ya kampuni.

Na hata namba ikiwa ya kweli ilikotoka, huenda isiwe ya kweli kwenu. Ile 1 kati ya 200 inaeleza hatari ya mfuko kupasuka. Haielezi nini kitafuata ukishapasuka. Uingereza mama huyo yuko hatua chache kutoka chumba cha upasuaji, damu ipo, mtaalamu wa usingizi yupo zamu. Serikali yetu imeongeza sana vituo vya afya vinavyofanya upasuaji wa dharura tangu 2017, na siku hizi mama akizidiwa kijijini kuna mpango wa m-mama, anapiga 115 bila malipo anatafutiwa usafiri. Haya ni makubwa, mimi nimeanza kazi kabla hayajakuwapo. Lakini hayafanyi kijiji kiwe jirani na hospitali. Mama akikuuliza hatari yake ni ipi, jibu lazima lianze na swali lako: uchungu ukianza usiku, utakuwa wapi?

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni nani anayeiona hiyo namba.

Kuna kesi ya Uskoti ambayo wakunga wote wangepaswa kuijua. Nadine Montgomery, mwanamke mfupi wa kimo mwenye kisukari, alijifungua 1999 huko Lanarkshire. Kwa mama mwenye kisukari, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama ni asilimia 9 hadi 10. Mama huyu alikuwa ameonyesha wasiwasi juu ya ukubwa wa mtoto. Daktari wake aliijua hatari hiyo na hakumwambia. Alieleza mahakamani kwamba uwezekano wa mtoto kupata madhara makubwa ni mdogo, na kwamba akina mama wakiambiwa watataka upasuaji. Mabega yalikwama. Mtoto akapata mtindio wa ubongo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikaamuliwa 2015 kwa upande wa mama, na fidia ilikuwa pauni milioni 5.25. Mahakama ilisema kwamba kipimo cha nini kielezwe si kile madaktari wengine wangeona kinatosha. Ni kile ambacho mtu aliye katika nafasi ya mgonjwa angekiona kina uzito.

Iweke kesi hiyo kando ya programu yenu. Ikiwa mashine itahesabu hatari ya mama, ikaitandaza kwenye skrini iliyomgeukia daktari, na mama ameketi upande wa pili wa meza akitazama mgongo wa kompyuta, tutakuwa tumerudi kule kule Lanarkshire, isipokuwa sasa wanaojua na kunyamaza watakuwa wawili.

Sisemi kwamba mashine ya kumsaidia daktari peke yake ni mbaya. Nairobi, kliniki 15 za Penda Health zilijaribu mwaka 2025, pamoja na kampuni ya OpenAI, chombo kinachosoma anachoandika tabibu na kumwashia kijani, njano au nyekundu kadiri anavyoelekea kukosea. Ziara za wagonjwa zilizopimwa zilikuwa 39,849. Makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Nilifurahi kuyasoma, kwa sababu ni matabibu wa kwetu Afrika Mashariki, kwenye kliniki zenye foleni kama zetu. Lakini kumzuia tabibu asikosee ni kazi moja, na kumsaidia mama achague ni nyingine. Taa ile ni ya tabibu. Usikubali programu yenu isifiwe kwa kazi ya pili ilhali imepimwa kwa ya kwanza.

Na usidhani kumkabidhi mama kifaa kunatosha. Mwaka 2020 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Miriam Kuppermann na wenzake, Marekani, la wanawake 1,485 wenye upasuaji mmoja nyuma yao. Kundi moja lilipewa kwenye kishikwambi chombo cha kuwasaidia kuamua, kundi jingine likapata huduma ya kawaida. Waliojaribu kujifungua kwa kawaida walikuwa asilimia 43.3 kwenye kundi la kwanza na 46.2 kwenye la pili, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu, na ubora wa uamuzi wenyewe haukutofautiana. Chombo kilikuwa kizuri, kimetengenezwa kwa uangalifu. Mimi nasoma hivi: kifaa hakiwezi kubeba peke yake mazungumzo ambayo watu wawili hawajayafanya.

Hapa ndipo goti la baba yako linapoingia. Austin, Texas, wagonjwa 129 wa goti lililosagika waligawanywa makundi mawili. Wengine walipewa maelezo ya kawaida, wengine chombo chenye akili mnemba kilichochukua majibu yao kuhusu maumivu na maisha yao, kikawakadiria faida na hatari za goti la bandia kwa mtu wa hali yao, wakaketi na daktari wa upasuaji. Matokeo yalichapishwa 2021: kundi hilo lilifanya uamuzi bora, lilieleza kwamba lilishirikishwa zaidi, na hali ya viungo vyao baadaye ilikuwa nzuri zaidi. Watu 129 ni wachache, siwezi kuapa juu yao. Lakini mgonjwa alisema kwanza, mashine ikahesabu, kisha watu wakazungumza, na huo ndio mpangilio ninaoutaka kwenu.

Tena hata hapo najiuliza. Baba yako jambo analolililia ni sijida. Anasali kwenye kiti, na hilo linamuumiza moyo kuliko goti lenyewe. Goti la bandia huondoa maumivu vizuri, lakini wengi wakishawekewa hupata tabu kupiga magoti. Sijui kama chombo kile kilimuuliza mtu wa Texas kuhusu kupiga magoti mara tano kwa siku. Kwa baba yako hilo ndilo swali zima. Nimemwambia akirudi kwa daktari asianze na “nikatwe au nisikatwe”, aanze na sijida.

Sasa namna ya kusema namba, maana hapo vijana mnapotea haraka. Asilimia 0.5 haimwambii mama kitu. Mwambie: “Tuchukue akina mama 200 kama wewe, wote wajaribu. Mmoja mfuko utapasuka. 199 hautapasuka.” Sema zote mbili, aliyepasuka na wasiopasuka, kwa sababu ukitaja upande mmoja umeshamwamulia. Kisha mwambie na ya kisu kwa hesabu ile ile, usimpe njia moja kwa namba na nyingine kwa neno “salama”. Hapa akili mnemba inaweza kukusaidia kweli: iambie ikuandikie maelezo hayo kwa Kiswahili cha mama wa darasa la nne, ikuchoree vichwa 200 kimoja chekundu. Kenya, shirika la Jacaranda Health linawajibu akina mama kwa ujumbe mfupi wa simu kwa msaada wa mashine, na 2023 lilitoa modeli yake ya Kiswahili, UlizaLlama. Kwa hiyo programu ikikujia na Kiingereza kitupu, usikubali kwamba haiwezekani. Ila Kiswahili kitakachotoka, kisome mwenyewe kwanza kabla ya mama.

Utakutana pia na mama aliyekwisha uliza simu. Usimkunjie uso. Mwombe akuonyeshe aliuliza nini na kajibiwa nini, msome pamoja. Programu za mazungumzo zina tabia ya kuegemea upande wa aliyeuliza, aliyeandika “je, upasuaji ni hatari?” atapata hatari za upasuaji, aliyeandika kinyume atapata kinyume. Swali alilochagua kuliuliza litakuonyesha hofu yake, na pengine asingeitamka mbele yako.

Na wewe mwenyewe, simu yako isiwe faili la wodi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti. Jina la mama, namba ya kadi, picha ya kipimo, usivitupe kwenye programu ya bure ili upate jibu la haraka. Hilo halina maelezo marefu.

Jambo la watu wa nyumbani ni gumu zaidi na hakuna mashine itakayokufanyia. Mara nyingi mama akija ameshaamuliwa na mume, au na mavyaa aliyezaa tisa bila kisu na anaona upasuaji ni uvivu. Kwetu uamuzi wa uzazi haujawahi kuwa wa mtu mmoja chumbani na daktari, na sioni vibaya. Hao ndio watakaomlea baada ya hapo. Waite. Waonyeshe vichwa 200 na wao. Lakini kabla hujawaita, mpe mama dakika zake peke yake, mlango umefungwa, umuulize yeye anataka nini, ili wakishaingia ujue ni sauti ya nani unayoisaidia isikike.

Na wapo watakaokwambia, “Daktari, wewe ndiye unayejua, niamulie.” Usiwasukumie namba kwa jina la haki za mgonjwa. Mtu amechoka, ana hofu, anaomba mkono. Mwambie, “Nitakupa maoni yangu bila kuficha. Lakini nieleze kwanza kipi kitakusikitisha zaidi kikitokea.” Akikujibu, toa maoni yako, na mweleze kwamba yametoka kwenye jibu lake. Kushauri ni sehemu ya kazi. Kinachokatazwa ni kushauri kabla ya kusikiliza.

Kwenye kikao chenu cha kwanza nakuomba uombe mambo machache, hata kama wewe ndiye mdogo mezani. Mama aione skrini. Namba ziangaliwe dhidi ya vitabu vya wodi yenu wenyewe, kwa akina mama waliokwisha jifungua hapo, kabla ya kuambiwa mama yeyote mpya. Daktari akienda kinyume na mashine aandike sababu, na akikubaliana nayo pia aandike sababu, maana kukubali bila kufikiri ndiyo hatari kubwa zaidi. Na mkunga wa zamu awe kwenye kikundi. Madaktari mnapita asubuhi. Mkunga ndiye anayekuwapo saa nane za usiku mama anapobadili mawazo, na ana haki ya kubadili hadi hapo.

Niandikie walichokujibu, hasa kuhusu mafaili waliyofunzia, na uniambie kama kuna mama aliyeulizwa anataka watoto wangapi. Daktari wa baba yako tutamwona baada ya Idi. Nitakupa habari zake. Wasalimie wenzako wa wodi ya wazazi, mmoja mmoja, na wakunga kabla ya madaktari.

Wasalaam,
Shangazi yako